Mti wa Uani Ukikatwa: Mwongozo wa Kutumia Mbao, Magome na Mabaki Yake

Mti unapoangushwa uani katika mitaa ya Nakuru, kabla vumbi halijatulia huwa tayari kuna mtu langoni anayeuliza kuni zinauzwa pesa ngapi. Swali hilo huja mapema kiasi kwamba wenye miti wengi hulijibu bila kufikiri, na kufikia jioni shina lililochukua miaka ishirini kukua huwa limekatwa vipande vya futi moja na nusu, vikapakiwa kwenye mkokoteni, vikaondoka.

Nyuma ya nyumba yetu, upande wa Kiamunyi, kulikuwa na migrevilea miwili, miti ambayo wengi huku huiita mikima. Wa kwanza ulikatwa nikiwa kazini, na fundi, ambaye hakuna aliyemweleza lolote, aliukatakata kama alivyozoea. Nilichobaki nacho ni kuni za miezi mitatu na kisiki. Wa pili niliusimamia mwenyewe, nao ulitoa benchi, rafu za jikoni, mizinga miwili ya nyuki, matandazo ya bustani nzima, na kuni pia. Miti hiyo ilikaribiana kwa unene na kwa urefu. Kilichoitofautisha ni maamuzi yaliyofanywa kabla ya msumeno kuwashwa, na mwongozo huu unafuata utaratibu wa ule mti wa pili, pamoja na makosa niliyoyafanya.

Hatua ya kwanza: Maliza mambo ya ruhusa na makubaliano

Utaratibu wa ruhusa hutofautiana kati ya kaunti na kaunti, kwa hivyo pita kwa chifu au katika ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) iliyo karibu nawe uulize kabla ya kumwita fundi. Ikiwa unanuia kupeleka magogo kwenye mashine ya kupasulia mbao, au kusafirisha mbao baada ya kupasuliwa, utahitaji kibali cha usafirishaji kutoka KFS, kwa sababu mzigo wa mbao ukikutwa barabarani bila karatasi unaweza kuzuiliwa hata kama mti ulikuwa wako. Mwenye mwiria uani naye ajue kwamba magome ya mti huo husakwa kwa ajili ya dawa na kwamba biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Asikubali kumuuzia mtu yeyote anayepita na gunia. Na kama matawi yamekaribia nyaya za stima, ijulishe kampuni ya umeme ili laini izimwe kwanza. Hilo halina mjadala.

Makubaliano na mwenye msumeno wa injini, au pawa soo kama wote tunavyoiita, yanahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mafundi wengi hukubali kukata bila malipo ikiwa watachukua kuni, na mpango huo ni mzuri mradi tu iandikwe kilicho chako na kilicho chake. Mimi niliandika kwenye karatasi ya daftari kwamba shina lote kuanzia chini hadi tawi la kwanza kubwa ni langu, pamoja na magome na unga wa mbao, na kwamba matawi yenye unene unaozidi mkono ni yake. Tulitia sahihi wote wawili, akacheka, lakini siku ya kazi karatasi hiyo ilizuia ugomvi mara mbili.

Hatua ya pili: Ujue mti wako unafaa nini

Karibu hakuna mti usiofaa kitu, ila kuna miti ambayo imepewa kazi isiyo yake. Mgrevilea, ambao asili yake ni mashariki mwa Australia na sasa umejaa kwenye mipaka ya mashamba kuanzia Bahati hadi Molo, hutoa mbao ya uzito wa kati yenye rangi ya waridi iliyokolea udongo. Ukipasuliwa kwa kuelekeza msumeno kutoka kwenye kiini kwenda nje, uso wake huonyesha madoa yanayong'aa kama hariri, na madoa hayo ndiyo yanayowafanya maseremala waupende kwa meza na kabati. Haufai kuchomekwa ardhini kama nguzo, kwa maana huoza na kuliwa na mchwa haraka. Ujue pia kwamba majani yake na vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengine. Vaa mikono mirefu.

Jakaranda hutoa mbao nyeupe ya maziwa, laini kwa patasi, inayofaa kuchongwa vijiko, bakuli na vinyago, lakini isiachwe mvuani. Saipresi ni rahisi kufanyia kazi, hunukia vizuri, na ndiyo ningeichagua kwa mizinga ya nyuki kama ningekuwa nayo. Mkaratusi ni mzito na una nguvu, ila una hasira: gogo lake hubeba mkazo wa ndani ambao huachiliwa mara tu linapokatwa, likapasuka kutoka kichwani kabla hata ya kufika kwenye mashine, kwa hivyo mikaratusi myembamba ni afadhali ibaki nguzo, boriti na kuni. Mpera hauna shina la kutoa mbao, lakini mti wake mgumu na wenye kunyumbuka ndio mzuri kwa mipini ya jembe na nyundo, jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kutafuta panda ya manati analijua.

Kwa wasomaji wa Kisumu na magharibi, miti ya uani huwa mingine. Mwembe mzee hutoa mbao nzuri ya samani yenye michirizi ya kahawia, lakini katika hewa yenye unyevu ya karibu na ziwa huingiwa na ukungu wa rangi ya bluu na nyeusi ndani ya wiki chache usipopasuliwa upesi, na utomvu wake unaweza kuunguza ngozi. Siala, au lusiola kwa Waluhya, ndio mti wa nguzo na mipini: unastahimili mchwa kuliko karibu mti wowote mwingine wa uani, na ni hasara kubwa kuuchoma. Mwarobaini una mbao ngumu kiasi ambayo wadudu hawaipendi, nao unafaa kwa masanduku na kabati za nguo.

Mparachichi unahitaji neno la tahadhari. Mbao yake ni laini na dumuzi huitoboa mapema, ila ikikaushwa haraka huchongeka vizuri. Tatizo liko kwenye majani na magome yake, ambayo yana sumu iitwayo pesini inayodhuru mbuzi, ng'ombe, sungura na ndege. Usiwatupie mbuzi matawi yake wala usitandike maranda yake kwenye banda la kuku. Oleanda, ule mti wa maua ya waridi unaopandwa kandokando ya kuta, una sumu kila sehemu na haufai hata kuwa kuni ya kuchomea mahindi. Mnyaa nao una maziwa yanayoweza kupofusha jicho. Miti hiyo miwili iondoe bila kutafuta matumizi.

Hatua ya tatu: Pima kabla ya kukata magogo

Hii ndiyo saa inayoamua kila kitu. Tawi lililokatwa refu kupita kiasi linaweza kufupishwa kesho. Gogo lililokatwa fupi halirefushwi na mtu. Mwambie fundi akate shina kwa urefu wa futi nane na inchi nne, si futi nane kamili, kwa sababu vichwa vya gogo vitapasuka wakati wa kukauka na utahitaji kuondoa inchi mbili kila upande. Kama shina limepinda, kata pale lilipopindia ili upate magogo mawili mafupi yaliyonyooka badala ya moja refu litakalotoa mbao zenye nyuzi za mshazari. Gogo la futi nne lililonyooka lina faida: linatosha mzinga, stuli, rafu fupi na sanduku.

Ili ujue utapata nini, chukua kamba, izungushe kwenye ncha nyembamba ya gogo, kisha uipime na ugawanye kwa 3.14. Gogo langu la pili lilikuwa na mzunguko wa sentimita 126, yaani kipenyo cha sentimita 40, karibu inchi 16. Ndani ya mviringo wa inchi 16 unaweza kuchora mraba wa inchi 11 hivi. Mnyororo wa pawa soo hula takriban robo tatu ya nusu inchi kila unapopita, kwa hivyo mbao nane za inchi moja pamoja na mapasuo saba katikati yake zinachukua inchi kumi na nusu na ushee, na mraba wako umekwisha. Mashine ya msumeno mwembamba wa mkanda hula pungufu ya hapo, ingekupa mbao tisa. Hesabu hiyo huchukua dakika tano na humwezesha mtu kujua kama gogo linastahili gharama ya kupasuliwa. Chini ya kipenyo cha sentimita 20, kwa maoni yangu, halistahili. Liache liwe nguzo, kigoda au kuni.

Mara gogo linapokatwa, paka vichwa vyake vyote viwili rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo lolote, au nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, siku hiyohiyo. Maji hutoka kwenye mti kwa kasi zaidi kupitia kichwani kuliko ubavuni, na kichwa kinapokauka na kusinyaa ilhali ndani bado pamejaa maji, ufa hauepukiki. Niliahirisha kazi hiyo hadi Jumamosi, nikapoteza inchi tano kwenye kila gogo. Liinue gogo juu ya mawe au vipande vya matawi, lisilale kwenye udongo.

Hatua ya nne: Kupasua mbao

Njia ni mbili. Unaweza kukodi gari na kupeleka magogo kwenye mashine ya kupasulia, ambapo mbao zitatoka zimenyooka na zenye unene sawa, au unaweza kumwita fundi wa pawa soo apasulie hapo uani. Kwa mti mmoja au miwili, gharama ya gari pamoja na shughuli ya kibali humeza faida ya mashine, kwa hivyo fundi wa kuja nyumbani ndiye wa busara. Mtafute mwenye fremu ya kuongozea msumeno. Anayepasua kwa kukadiria kwa jicho tu atakuachia mbao nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na seremala atakulipisha kuzinyoosha kwa randa.

Kabla ya msumeno kugusa gogo, tafuta vyuma. Mti wa uani haufanani na wa msituni: umefungwa kamba ya kuanikia nguo, umepigiliwa misumari ya kuning'iniza jerikani, umemeza waya wa seng'enge wa ua la zamani. Kwenye gogo langu kulikuwa na doa la rangi ya bluu iliyokaribia nyeusi kichwani, kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, na doa la namna hiyo karibu kila mara ni chuma kilichokutana na asidi ya mti. Tulichokoa kwa patasi kwa kina cha inchi mbili tukakuta msumari wa paa wenye kichwa chake cha mwavuli, ambao mama mwenye nyumba wa awali bila shaka aliupigilia ili atundike kitu akasahau. Sumaku kubwa kutoka kwenye spika iliyoharibika, ikipitishwa taratibu juu ya gome, itakuonyesha misumari iliyo karibu na uso. Iliyo ndani zaidi utaijua kwa madoa. Sehemu ya kutoka ardhini hadi kimo cha mtu ndiyo ya kushuku.

Pasua mbao za inchi moja na robo ikiwa unataka mbao ya inchi moja baada ya kukauka na kupigwa randa. Kwa meza au benchi, pasua inchi mbili na nusu. Kipande kinachopita katikati kabisa ya kiini kitapasuka tu, ukitaka usitake, kwa hivyo kitenge mapema kiwe cha vigingi. Yale mabanzi ya pembeni, yenye gome upande mmoja, usiyaite taka: ndiyo yaliyozunguka banda langu la kuku na ndiyo niliyotengenezea pipa la mboji.

Hatua ya tano: Kukausha, hatua ambayo watu huiharakisha

Mti uliotoka kukatwa unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake, na maji hayo yasipotoka polepole mbao hupinda, hujisokota au hupasuka. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa upepo na jua la Nakuru, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, mbao ya inchi moja huweza kuwa tayari kabla ya mwaka kuisha, lakini Kakamega, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mwaka wenyewe ni mfupi.

Chagua mahali penye kivuli na upepo, mathalani nyuma ya nyumba chini ya paa lililochomoza. Panga matofali au bloku za saruji ili rundo liinuke angalau futi moja na nusu kutoka ardhini, uhakikishe kwa kamba kwamba zote ziko sawa, kwa sababu mbao itakauka ikifuata umbo la kitu ilicholalia. Tandaza safu ya kwanza ya mbao ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine, kisha uweke vijiti vikavu vya unene wa inchi moja kwa kukingama, kila baada ya sentimita 45 hivi, ndipo ulaze safu ya pili. Vijiti vya kila safu viwe juu kabisa ya vile vya safu ya chini, vikiunda nguzo moja iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Nilipuuza hilo kwenye safu mbili za juu, na mbao nne zikatoka zimepindika kama upinde. Zinatumika sasa kama mipaka ya matuta ya sukuma wiki. Juu ya rundo weka mawe mazito, halafu mabati yaliyoinuliwa kidogo ili hewa ipite. Karatasi ya plastiki iliyofunika rundo lote hufuga ukungu, na juu ya hilo nimeona mbao za mwembe zilizogeuka nyeusi kabisa ndani ya mwezi mmoja kule Kisumu.

Miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, ina hatari yake Nakuru, kwani upepo mkavu unaweza kukausha uso wa mbao kwa kasi kupita ndani. Ukianza kuona nyufa nyembamba usoni, ning'iniza magunia upande upepo unakotokea kwa wiki kadhaa za mwanzo. Kagua pia vumbi laini kama unga wa ngano chini ya rundo, ambalo ni alama ya dumuzi. Yeye hupenda sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe iliyo chini ya gome, na ndiyo maana magome yote yanapaswa kuondolewa kabla mbao hazijapangwa.

Utajuaje zimekauka? Chagua mbao moja, ipime kwenye mizani ya dukani kila baada ya wiki mbili na uandike uzito kwa chaki ukutani. Uzito utashuka haraka, kisha polepole, kisha utasimama. Ukipima mara tatu mfululizo bila mabadiliko, mbao hiyo imelingana na hewa ya mahali ilipo. Anayetaka uhakika zaidi akate kipande kidogo kutoka katikati ya mbao, si kichwani, akipime, kisha akikaushe kwenye oveni kwa moto wa nyuzi 105 hadi uzito usimame. Kipande cha gramu 448 kikirudi gramu 400, kimepoteza gramu 48, na 48 gawanya kwa 400 ni asilimia 12, kiwango kinachofaa samani za ndani. Kilichozidi asilimia 20 kirudi kwenye rundo.

Hatua ya sita: Magome

Magome huwa ya kwanza kutupwa, nami nayaona kuwa sehemu yenye faida ya haraka zaidi, kwa kuwa hayangoji mwaka. Yabandue mti ukiwa bado mbichi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei gome la mgrevilea huachana na shina hata kwa panga lisilo kali, ilhali baada ya mwezi mmoja wa jua utahitaji shoka na subira.

Kazi yake kuu ni matandazo. Yakatekate kwa panga vipande vya urefu wa kidole, uyaache kwenye rundo kwa miezi miwili au mitatu yakinyeshewa ili makali yake yapungue, kisha uyatandaze chini ya miti ya matunda, maua na vichaka kwa unene wa inchi mbili hadi tatu. Acha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina, kwa maana gome lenye unyevu likigusana na shina huliozesha na kuwapa mchwa daraja. Magome ya mkaratusi yana kemikali inayozuia mimea mingine kuota, kwa hivyo yalaze kwa muda mrefu zaidi, au yatumie kwenye vijia vya kupitia badala ya bustanini. Usiyachimbie ardhini yakiwa mabichi: vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mboga zako zitakuwa za manjano ukadhani umeibiwa mbolea.

Ikiwa mti wako ni muwati, magome yake yana tanini nyingi, ile inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu, na kilimo cha miti hiyo katika nyanda za juu za Kenya kilianzishwa hasa kwa sababu hiyo. Kwa magome ya mti mmoja hutapata mnunuzi mkubwa, lakini unaweza kuyatumia kupaka rangi nyuzi za pamba au za sufu. Chukua magome makavu yenye uzito sawa na nyuzi, yaloweke usiku kucha, yachemshe kwa moto mdogo kwa saa moja, yachuje, kisha uzitie nyuzi zilizokwisha kulowekwa kwenye maji ya shabu. Utapata rangi ya kahawia yenye wekundu; magome ya mwembe hutoa manjano. Ukitumbukiza misumari yenye kutu kwenye maji hayo rangi itageuka ya kijivu cheusi. Sufuria hiyo isirudi jikoni kupikia.

Hatua ya saba: Unga wa mbao, maranda, matawi na kisiki

Tandaza turubai chini ya gogo siku ya kupasua na utakusanya magunia mawili au matatu ya unga wa mbao bila taabu. Unga mbichi uchanganye kwenye mboji pamoja na samadi ya ng'ombe au ya kuku, kwa kipimo cha ndoo moja ya unga kwa ndoo mbili za samadi, ukigeuzageuza. Ulio mkavu unafaa jiko la unga wa mbao: chukua debe lenye tundu ubavuni karibu na chini, ingiza kipande cha mti cha mviringo kwenye tundu hilo hadi katikati, simamisha chupa juu yake, kisha ujaze unga kuizunguka ukiushindilia kwa ngumi mpaka ukaze. Ukichomoa chupa na mti kwa kuvizungusha taratibu, hubaki njia ya hewa yenye umbo la pembe mraba, na moto ukiwashwa kutoka chini huungua polepole kwa saa kadhaa, unaotosha kuivisha githeri. Upikie nje, kwa sababu moshi wake ni mwingi.

Maranda makubwa ya randa ndiyo yafaayo kutandikwa kwenye banda la kuku. Unga mwembamba huwakera vifaranga kwenye njia ya pumzi. Matawi yaliyonyooka ya unene wa kidole gumba ni fito za nyanya na maharagwe ya kutambaa, na yaliyopinda ni kuni. Kuni zipasue zikiwa mbichi, zipange kwenye hewa kwa miezi sita, na zikigongana zikatoa mlio mkavu kama wa vibao, ziko tayari. Majivu yake yatawanye kidogo kidogo kwenye migomba na kabeji, lakini si kwenye viazi, kwa kuwa majivu hupunguza asidi ya udongo na kuwapa nafasi ugonjwa wa ukurutu kwenye maganda.

Kuhusu kisiki, kikate usawa wa ardhi ikiwa kiko mbali na nyumba, kitobolewe mashimo kwa keekee, na mashimo hayo yajazwe samadi iliyolowa na kufunikwa kwa udongo ili kioze haraka. Kilicho ndani ya mita tano kutoka kwenye msingi king'olewe chote, kwa kuwa kisiki kinachooza huvutia mchwa, nao hawatatofautisha kati yake na fremu ya mlango wako. Mgrevilea mzee ukikatwa chini mara nyingi hauchipuki tena, lakini mkaratusi na siala vitachipua. Katika siala hilo ni baraka: acha machipukizi mawili yenye afya, ondoa mengine, na baada ya miaka michache utakuwa na fito, kisha nguzo, kutoka kwenye mzizi uleule.